Programu za Biashara ya Opsheni: Zinaweza Lipi na Haziwezi Lipi



Msimu unapomalizika na malipo ya karafuu yakaingia mkononi, hazipiti siku nyingi ila mtu huletewa katika simu yake tangazo la biashara ya masoko ya ng'ambo. Baadhi ya wanachama wametuuliza, wengine kwa ajili ya nafsi zao na wengine kwa ajili ya vijana wao walioko mjini, habari za programu za kompyuta zinazosemwa kwamba humpangia mtu biashara ya "opsheni" na kumwonesha mapema faida yake na hasara yake. Tumeona haifai kuwajibu kwa maneno mawili. Jambo lenyewe lina elimu ndani yake, na tena lina hatari, na mwenye kujua moja bila ya jingine hakujua.

Hatuna haja ya kuwaambia wanachama kwamba mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi huinama, mwaka wa pili mtu hurudi kutoka shambani na pakacha tupu. Fedha ya mwaka wa neema ndiyo inayotulisha mwaka wa hiana, ndiyo inayolipa gharama za palilio na ada za skuli. Na fedha hiyo hiyo ndiyo inayotafutwa na matangazo haya. Kwa hivyo twaomba makala haya yasomwe kwa utulivu, na asiyeweza kusoma asomewe.

OPSHENI NI KITU GANI

Kila mwanachama aijua arbuni. Tuseme mtu anataka kununua shamba lako kwa shilingi milioni 20, lakini fedha hataipata mpaka baada ya miezi mitatu. Akupa shilingi laki tano umwekee shamba, na mkaandikiana. Akirudi kabla ya muda kwisha na kulipa, shamba ni lake. Asiporudi, laki tano ni zako. Katika miezi mitatu hiyo wewe umefungwa, huna ruhusa ya kumwuzia mwingine, yeye hakufungwa. Ikitokea barabara mpya imepita kando ya shamba na thamani yake imekuwa milioni 30, atakuja mbio. Ikitokea thamani imeshuka hadi milioni 12, hutamwona tena. Zile laki tano ndizo bei aliyoitoa ili yeye awe na hiari na wewe usiwe nayo.

Opsheni ni hiari ya namna hiyo iliyofanywa bidhaa, ikapewa soko lake, ikawa yauzwa na kununuliwa yenyewe peke yake kabla hata ya muda wake kwisha. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni opsheni ya kununua, yaani haki ya kununua kitu kwa bei iliyokwisha kukatwa leo. Ya pili ni opsheni ya kuuza, yaani haki ya kuuza kitu kwa bei iliyokatwa leo. Mwenye kuinunua opsheni hawezi kupoteza zaidi ya alichotoa. Mwenye kuiuza amepokea fedha kidogo mwanzo, na amejifunga kutimiza ahadi hata bei ikipanda au kushuka namna gani. Tofauti hii ya mnunuzi na mwuzaji msiisahau, kwani ndipo wengi wanapoangukia.

Jambo hili si geni duniani. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, ameandika habari za mwenye hekima Thales wa Mileto, ambaye wakati wa baridi alilipa fedha kidogo kujiwekea vinu vya kukamulia zeituni, kisha mavuno yalipokuwa makubwa akavikodisha kwa bei aliyoitaka. Lakini soko rasmi la opsheni za hisa lilifunguliwa Chicago, Marekani, tarehe 26 Aprili 1973, likaanza na opsheni za kununua hisa za makampuni 16. Kabla ya hapo, opsheni za hisa zilikuwa makubaliano ya watu wawili wawili kwa njia ya madalali.

KUTOKA KARATASI HATA SIMU YA MKONONI

Swali lililowasumbua wafanyabiashara tangu zamani ni hili: hiari hii yafaa iuzwe kwa kiasi gani? Mwaka ule ule wa 1973 wataalamu wawili, Fischer Black na Myron Scholes, walichapisha kanuni ya kuipatia opsheni bei, na mwenzao Robert Merton akaipanua. Kanuni hiyo hutaka ipewe mambo matano: bei ya hisa ya leo, bei iliyokatwa, muda uliobaki, riba, na ukubwa wa mtikisiko wa bei ya hisa hiyo, yaani ni kwa kadiri gani hupanda na kushuka. Mambo manne ya kwanza mtu huyasoma tu. La tano hakuna alijuaye, kwani ni habari ya siku ambazo bado hazijafika. Wanachama walishike jambo hilo la tano, tutalirudia.

Mwanzoni Fischer Black alikuwa akipiga hesabu hizo kwa kompyuta na kuwauzia wafanyabiashara karatasi zenye safu za bei, nao wakizikunja na kuingia nazo sokoni. Kisha zikaja mashine ndogo za hesabu za mkononi. Mwaka 1979 ikatoka VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu kwa kompyuta ndogo, na mtu akaweza kubadilisha tarakimu moja na kuona jedwali zima likijibadilisha. Mwaka 1982 Len Yates alianzisha OptionVue, programu iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya opsheni. Mwaka 1999 ikaanzishwa thinkorswim, ambayo humwezesha mteja kuchora mpango wake, kuujaribu kwa fedha za kuigiza, na kuupeleka sokoni, vyote mahali pamoja. Kwa wale wanaojua kuandika programu wenyewe, tangu mwaka 2000 ipo QuantLib, mkusanyiko wa hesabu za namna hii unaotolewa bure kwa kila mtu. Leo kazi iliyotaka chumba kizima cha mashine hufanywa na simu iliyo mfukoni mwa kijana.

KAZI ZINAZOFANYA

Kazi ya kwanza, na iliyo bora kupita zote, ni kuchora picha ya faida na hasara. Tutatoa mfano wa tarakimu za kutungwa. Tuseme hisa ya kampuni fulani leo ni dola 100. Opsheni ya kuinunua kwa dola 100, yenye muda wa mwezi mmoja, yauzwa dola 5. Kwa desturi ya Marekani mkataba mmoja ni wa hisa 100, basi mnunuzi atatoa dola 500. Programu itamchorea mstari. Mwisho wa mwezi hisa ikiwa dola 100 au chini yake, dola 500 zote zimekwenda. Ikiwa dola 105, amerudisha fedha yake. Ikiwa dola 112, amepata faida ya dola 700.

Sasa tuseme mtu huyo aongeza opsheni ya pili. Auza yeye opsheni ya kununua kwa dola 110, na kupokea dola 2 kwa kila hisa, yaani dola 200. Kilichomtoka sasa ni dola 300 tu. Hisa ikifika dola 112, faida yake ni dola 700 vile vile. Lakini ikipanda hata dola 120, yule wa kwanza angepata dola 1,500, na huyu atabaki na dola 700 zake, kwani ameuza haki ya kilicho juu ya 110. Mpango wa opsheni zaidi ya moja namna hii huitwa mkakati, na kila opsheni iliyomo huitwa mguu. Iko mikakati ya miguu miwili, mitatu na minne, na kichwa cha binadamu huanza kuchoka kwenye mguu wa pili. Hapo ndipo programu inapofaa kweli: huijumlisha miguu yote na kukuonesha kwa mstari mmoja ni wapi utapata, wapi utapoteza, na hasara ya mwisho ni kiasi gani.

Kazi ya pili ni kuonesha mambo yatakavyokuwa kabla ya muda kwisha. Opsheni hupungua thamani kadiri siku zinavyopita, kama barafu iliyowekwa juani, na karibu na mwisho huyeyuka kwa haraka zaidi. Programu huonesha kila siku italiwa kiasi gani, na ikiwa hisa itapanda dola moja opsheni itapanda senti ngapi, na ikiwa mtikisiko wa soko utatulia bei ya opsheni itashuka kwa kadiri gani. Wengi hushangaa kuona hisa imepanda kama walivyotaka na opsheni yao imeshuka. Aliyetazama jedwali hili mapema hashangai.

Kazi ya tatu ni kutaja bahati ya kupata faida kwa tarakimu, mathalan "70 kwa 100". Na kazi ya nne ni kuujaribu mkakati kwa bei za miaka iliyopita, kuona kama ungaliutumia wakati ule ungalipata nini. Kazi mbili hizi za mwisho ndizo zinazotiwa katika matangazo, nazo ndizo zinazotaka kutazamwa kwa jicho kali.

TARAKIMU YA BAHATI HUTOKA WAPI

Tumesema kwamba katika mambo matano yanayotakiwa na kanuni, la tano, yaani mtikisiko, halijulikani. Basi programu hulipata wapi? Aghalabu hulitafuta kwa kurudi kinyumenyume. Huchukua bei ambayo opsheni inauzwa sokoni wakati huo, kisha huuliza: mtikisiko ungekuwa kiasi gani ndipo kanuni itoe bei hii? Ikishapata jibu, hulitumia jibu hilo kukokotoa bahati yako.

Ni kama mtu aliyekwenda sokoni akauliza bei ya gunia la karafuu, akarudi nyumbani akapiga hesabu kwa bei ile ile aliyotajiwa, kisha akatangaza kwamba amegundua thamani ya gunia. Hakugundua kitu, amerudia aliyoyasikia. Basi programu inapokwambia bahati yako ni 70 kwa 100, maana yake ni kwamba ndivyo soko lenyewe linavyodhani, na mtu wa upande wa pili anayekuuzia au kununua kwako anaisoma tarakimu hiyo hiyo katika programu yake. Hakuna siri uliyofunuliwa wewe peke yako.

Tena tuitazame hiyo 70 kwa 100 yenyewe. Uko mkakati wa miguu minne unaopendwa mno na wanaoanza. Hisa ikiwa dola 100, mtu huuza opsheni ya kununua kwa dola 110 na opsheni ya kuuza kwa dola 90, na kwa kujikinga hununua opsheni ya kununua kwa dola 115 na ya kuuza kwa dola 85. Tuseme baada ya kutoa na kupokea amebakiwa na dola 150 mkononi. Hisa ikibaki kati ya 90 na 110, dola 150 ni zake. Ikitoka nje kabisa, ikapita 115 au ikashuka chini ya 85, atapoteza dola 350. Programu yamwambia: bahati yako ni 70 kwa 100. Naye afurahi.

Haya, tupige hesabu. Afanye mara kumi. Mara saba apata dola 150, jumla dola 1,050. Mara tatu, tukichukulia kila hasara ni kamili, apoteza dola 350, jumla dola 1,050. Amefanya kazi mara kumi na hakupata hata senti. Kushinda mara nyingi ni jambo moja, na kupata faida ni jambo jingine. Mchuuzi ambaye siku saba hupata kidogo na siku tatu hupoteza kingi hawezi kujisifu kwa siku zake saba.

Kisha iko gharama. Madalali wakubwa wa Marekani wengi hutoza senti 65 kwa kila mkataba, na mkakati wa miguu minne ni mikataba minne ya kuingia, na minne tena ikiwa mtu ataka kutoka mapema. Gharama iliyo kubwa zaidi haiandikwi popote. Kila opsheni ina bei mbili sokoni, bei ya anayenunua na bei ya anayeuza, na programu nyingi hupiga hesabu kwa bei ya katikati ambayo huenda mteja asiipate. Akikosa senti tano tu katika kila mguu, kwa hisa 100 na miguu minne, dola 20 zimekwenda. Zile dola 150 zimekuwa 130 kabla ada haijatozwa, na bahati ya 70 kwa 100 haikubadilika katika kioo cha simu.

KUJARIBU KWA MIAKA ILIYOPITA

Kuujaribu mkakati kwa bei za zamani ni jambo jema kwa mwenye kujizuia. Shida ni kwamba kompyuta haichoki. Mtu aweza kujaribu mikakati 200 usiku mmoja. Hata kama yote 200 haina maana yoyote, kwa kipimo cha moja katika ishirini kumi hivi itaonekana mizuri kwa bahati tu. Akiichagua iliyo bora katika hiyo kumi na kuiuzia watu pamoja na picha ya mstari unaopanda, hakusema uongo, lakini hakuwaambia habari za ile 190 iliyotupwa. Kwa hivyo anayeoneshwa mstari mzuri na aulize kwanza: imejaribiwa mingapi hata ukapatikana huu?

Na yaliyopita yenyewe hayakuzungushiwa ua. Tarehe 19 Oktoba 1987 hisa za makampuni makubwa yanayohesabiwa katika kipimo cha Dow Jones huko New York zilishuka asilimia 22.6 kwa siku moja. Aliyekuwa akipima kwa bei za kawaida za miaka ya karibu hakuwa na siku kama hiyo katika daftari lake. Waliouza opsheni za kuuza siku hizo waliijua maana ya kujifunga.

Msidhani kwamba hatari hii ni ya wasiosoma. Myron Scholes na Robert Merton, waliotajwa juu, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Fischer Black alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1995. Wawili hao walikuwa washirika katika mfuko wa fedha ulioitwa Long-Term Capital Management. Mwaka uliofuata, 1998, mfuko huo ulipoteza zaidi ya dola bilioni 4, na kwa usimamizi wa Benki Kuu ya Marekani tawi la New York mabenki 14 yakatia karibu dola bilioni 3.6 ili usianguke na kuyaburuta masoko mengine. Hesabu zao hazikuwa na kasoro ya kujumlisha. Masoko yalitikisika kupita walivyokadiria, na walikuwa wamekopa kupita kiasi.

MAMBO YALIYOWAPATA WATU

Mwezi wa Juni 2020 kijana wa miaka 20 huko Marekani, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuwa akifanya biashara ya opsheni kwa programu ya simu ya Robinhood, alifungua simu yake akaona kwamba anadaiwa zaidi ya dola 730,000. Mkakati wake ulikuwa wa miguu miwili, na mguu mmoja ulikuwa umekwisha kutekelezwa na wa pili haujaingizwa katika hesabu. Tarakimu aliyoiona haikuwa deni lake la kweli. Hakupata mtu wa kumweleza kwa wakati, naye akajiua. Mwaka uliofuata, Juni 2021, chombo cha kusimamia madalali cha FINRA kiliitoza Robinhood faini ya dola milioni 57 na kuiamuru iwarudishie wateja karibu dola milioni 12.6 pamoja na riba, na katika makosa yaliyotajwa ni kuwaonesha wateja hesabu za madeni zisizo sahihi. Twalieleza jambo hili kwa huzuni, na twalieleza kwa sababu vijana wetu ni wa umri huo na simu zao ni za namna hiyo. Mzazi ambaye mwanawe anafanya biashara hii na amwambie mapema, kwa upole, kwamba hakuna deni katika simu lisiloweza kuletwa nyumbani na kuzungumzwa.

India, nchi ambayo tangu zamani imenunua karafuu zetu, imekuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya opsheni duniani, na programu za kupanga mikakati huko ni nyingi na rahisi. Septemba 2024 chombo cha serikali kinachosimamia masoko ya mitaji, SEBI, kilitoa uchunguzi wake wa miaka mitatu, tangu Aprili 2021 hata Machi 2024. Katika watu binafsi zaidi ya milioni 10 waliofanya biashara ya opsheni na mikataba ya mbele ya hisa, 93 katika kila 100 walipata hasara, na hasara yao kwa jumla ilipita rupia trilioni 1.8. Watu hao hawakukosa programu. Kila mmoja alikuwa nayo mkononi.

NA SISI WAKULIMA JE?

Mwanachama aweza kuuliza: je, hatuwezi kuitumia opsheni kujikinga na kushuka kwa bei ya karafuu? Swali ni la haki, kwani kukinga mazao ndiyo matumizi yake yaliyo bora. Katika soko la ICE la New York ziko opsheni za kahawa, kakao, sukari na pamba. Mkataba mmoja wa kahawa ni ratili 37,500, yaani tani 17 hivi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kwa njia ya chama chao cha KNCU na kwa msaada wa Benki ya Dunia, walizijaribu mwanzoni mwa miaka ya 2000: chama kilinunua opsheni za kuuza, ili bei ya dunia ikianguka baada ya mkulima kulipwa malipo ya kwanza, chama kisiangamie. Tazameni walivyofanya. Alinunua chama, hakununua mkulima mmoja mmoja. Walinunua hawakuuza, basi hasara yao ilikuwa na mwisho unaojulikana. Na walinunua kwa ajili ya bidhaa waliyokuwa nayo ghalani.

Karafuu haimo katika orodha ya opsheni za New York. Mkulima wa Zanzibar kwa muda mrefu ameuza kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968, kwa bei iliyotangazwa. Bei iliyotangazwa humkinga mtu soko la dunia linapoanguka, na humzuia linapopanda. Kwa hivyo mwanachama anayenunua opsheni za kampuni ya Marekani hakukinga karafuu yake hata kidogo. Ameiacha hatari anayoijua, ya mvua na wachumaji na bei, akaongeza juu yake hatari nyingine ya watu asiowajua.

Lipo pia la dini, ambalo wengi wenu mmelitaja. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jedda lilikata mwaka 1992 kwamba mikataba ya opsheni kama inavyoendeshwa katika masoko ya dunia haijuzu. Mwaka uliofuata, 1993, baraza hilo likaijuzisha biashara ya arbuni ikiwa muda wake umewekwa, na arbuni ikahesabiwa kuwa sehemu ya bei mnunuzi akiendelea kununua. Mnaona basi kwamba vitu hivi viwili vinafanana kwa umbo na vikatofautiana kwa hukumu. Ufafanuzi wa jambo hili twawaachia masheikh wetu, na mwenye shaka na awaulize kabla hajatia fedha.

Tena tuwatahadharishe na jina. Yako matangazo ya "opsheni" za ndiyo au hapana, ambazo mtu hubashiri bei itapanda au itashuka katika dakika chache na kulipwa akipatia. Hizo si opsheni tulizozieleza hapa. Israeli ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2017, Jumuiya ya Ulaya ikazuia kuuziwa watu wa kawaida tangu Julai 2018, na Uingereza ikaweka marufuku ya kudumu tarehe 2 Aprili 2019. Kinachokatazwa kwa wenye masoko yao wasiletewe wakulima wa visiwani.

USHAURI WETU

Hatumkatazi mtu elimu. Kijana anayetaka kujifunza programu hizi na ajifunze, kwani ndani yake mna hesabu nzuri, na iko kazi ya halali kwa anayejua kukokotoa hatari, katika mabenki, katika bima, na hata katika vyama vya wakulima. Ajifunze kwa fedha za kuigiza, mwaka mzima, na aandike kila alichofanya katika daftari, pamoja na ada na ile tofauti ya bei mbili. Kisha mwisho wa mwaka atusomee daftari hilo.

Na yeyote atakayeletewa programu na kuambiwa itampatia faida, amwulize mletaji maswali haya. Hasara yangu ya mwisho kabisa ni kiasi gani, kwa shilingi? Katika mkakati huu mimi ni mnunuzi wa hiari au mwuzaji wake? Tarakimu hii ya bahati umeipata wapi, na je, mtu wa upande wa pili haioni? Nikishinda napata ngapi, na nikishindwa napoteza ngapi? Ni mikakati mingapi iliyojaribiwa kabla ya huu? Wewe unalipwa na nani, nami nikipoteza unapoteza nini?

Programu ni mizani. Mizani iliyo sawa yafaa sana, nasi twaipigania kila msimu katika vituo vya kununulia. Lakini mizani hupima kilichowekwa juu yake. Haijui kama karafuu zimekauka, wala haijui mwakani mti utazaa nini. Basi itumieni kwa kupima hasara, na mkiona hasara hiyo hamwezi kuibeba pamoja na ada za skuli na ujira wa wachumaji, funga simu, na fedha ibaki nyumbani.

Wanachama wenye maswali zaidi na walete kwa makatibu wa matawi yao, nasi tutayajibu katika kurasa hizi. Twawatakia nyote msimu mwema na majamvi yaliyojaa.